Kisha kilio, nani anabaki na mjane?

Kila mtu mwenye kuishi huku kwetu, toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, anajua namna kilio cha mchimbaji kinapitaka. Habari inafika kwa telefone, mara nyingi mbele ya mwili. Wamama wanafunga vitambaa kichwani, vijana wanakimbia kutafuta bashi na viti vya kukodi, jamaa inahesabu feza ya sanduku. Kama marehemu alikuwa mtumishi wa kampuni, delege wa sendika anafika na bahasha. Kama alikuwa krezeri, wenzake wa shimo wanachanga. Wanaume wanalala inje kando ya moto, bukari inapikwa kwa sufuria kubwa, pasta anahubiri, wajomba wanabishana juu ya mali. Kisha maziko, siku moja ao mbili, viti vinarudi kwa mwenyewe. Toka pale, kimya.

Sisi wenyewe wa gazeti tunafanyaka vilevile. Tunaandika hesabu ya wenye kufa, tunaandika maneno ya waziri wa provinsi, kesho yake tunageuza ukurasa. Leo tunataka kubaki kidogo na wale wenye kubaki.

Kuna jamaa moja ya Kolwezi yenye tunajua toka zamani. Hatutaandika jina lake wala kartie yake. Mama mwenye nyumba alituomba hivyo: "Muandike mambo, lakini musituandike sie."

Vijana wake wawili walikuwa wanachimba pamoja, shimo moja. Wakati wa mvua, udongo uliwaangukia. Mkubwa alikufa. Mdogo alikaa saa nyingi chini ya udongo kando ya yaya yake, mpaka wenzao wakamutosha muzima, mguu umevunjika. Kwa kilio watu walimushika mkono, walimwambia Mungu alimulinda. Yeye alikuwa anajibu aksanti, basi. Mguu ulipona. Kisha miezi tatu akarudi kwa kariere, maana sasa nyumba za kulisha zilikuwa mbili, yake na ya yaya yake.

Lakini hakuwa anashuka. Jambo hilo bibi yake alikuja kulijua nyuma. Asubuhi alikuwa anatoka na vyombo vyake, anafika kule, anakaa juu ya mfuko, anaangalia wengine wanaingia shimoni. Mangaribi anakopa kwa negosian, anarudisha feza nyumbani sawa vile mtu mwenye kutoka kazi. Usiku analala saa moja, anashituka, anakwenda kukaa kwa mlango mpaka kunakucha. Harufu ya udongo wenye maji ilikuwa inamutapisha. Akaanza lutuku. Jamaa ilisema anajifanya, anatafuta sababu ya kukimbia kazi. Kwa kartie walisema maneno mabaya zaidi: alimuuza yaya yake kwa fetishi juu ya madini, sasa damu inamuhangaisha. Hakuna hata mmoja mwenye kusema, huyu ni mgonjwa.

Kisha mwaka moja na kidogo, alijiua.

Jamaa ilitangaza malaria. Walimuzika siku ileile, bila bashi, bila viti. "Wa kwanza nilimulilia mbele ya kartie muzima," mama anatuambia. "Wa pili nilimulilia mu chumba, na kitambaa mu kinywa, juu bajirani basisikie."

Kazi ya kutosha kilio cha yule mkubwa ilikuwa imechelewa, feza ilikosa. Siku ilipofika, jamaa yote ilikusanyika, pombe iko, chakula iko, na ilikuwa juu ya mama kusimama na kuwashukuru wageni. Akawashukuru. Kisha hakuikala. Akasema: "Mutoto wangu wa pili hakukufwa na malaria. Alikufwa na mawazo. Alikuwa anagonjwa mbele ya macho yetu, na sie tulikuwa tunamucheka." Shemeji yake akamuvuta kikwembe aikale chini. Akabaki wima. Basi jirani mmoja wa avenue ya pili akainuka naye, akasema bwana yake halalake toka siku ya lile shimo, anapigaka watoto kisha analia. Mbele ya jua kuzama, wanawake wanne walikuwa wamemufuata mama nyuma ya jikoni.

Toka pale wanakutana kila siku ya Mungu kisha misa, chini ya muembe wa ule mama. Chama chao hakina jina, hakina muhuri, hakina tisheti. Sheria zao ni chache. Maneno yenye kusemwa pale yanabaki pale. Hakuna mwenye kumuita mwenzake mulozi. Na hakuna kukopeshana feza: mwenye kutaka likelemba aifanye siku ingine na fasi ingine, maana wanasema deni likiingia, ukweli unatoka. Sheria hii ya mwisho ilitushangaza, lakini tukifikiri vizuri, tumeona vyama vingapi vikivunjika juu ya falanga elfu kumi?

Wanaume hawakuja. Miezi ya kwanza walikuwa wanapita barabarani na kuuliza kama wamama wanatengeneza kabila mpya. Kisha mmoja akaingia kurekebisha lupango. Mwingine akaja kupiga misumari kwa benchi. Walikuwa wanafanya kazi polepole sana, na masikio wazi.

Sasa, juu ya nini tunaweka habari hii kwa ukurasa wa mambo ya inchi, na si kwa ukurasa wa jamaa? Maana haikuanza na ule mama, na haitaishia kwake.

Tarehe 27 Juni 2019, hapahapa Kolwezi, udongo uliwaangukia bakrezeri ndani ya mgodi wa KOV. Wakubwa wa serikali walihesabu wafu 43. Siku zenye kufuata, tulizungumuza juu ya nini? Juu ya askari wenye kutumwa kuwatosha bakrezeri, juu ya nani alikuwa na haki ya kuingia mule. Tarehe 15 Novemba 2025, kwa mgodi wa Kalando, Lualaba vilevile, daraja lilivunjika na watu wengi walikuwa juu yake. Zaidi ya 30 walikufa. Tena tukabishana: wangapi, nani alipiga risasi, kosa ni la nani. Maneno hayo ni ya lazima, na kosa lazima lijulikane. Lakini kwa kila mwili wenye kutoshwa kuna watu wenye kuutosha, mara nyingi kwa mikono, na mara nyingi ni ndugu na marafiki. Kuna mwenye kumutambua kwa viatu. Kuna mtoto mwenye kusikia habari barabarani mbele ya mama yake. Hao kesho wanarudi kwa kazi ao kwa masomo, na hakuna karatasi yenye majina yao.

Mguu wenye kuvunjika, munganga anaupiga radio na mfupa unaonekana. Usingizi wenye kukimbia hauna radio. Ndiyo sababu mtu wa namna hiyo anaitwa mvivu, mlevi ao mulozi: watu wanatafuta jina lenye wanajua tayari.

Tena huku kwetu jambo hili ni la zamani kuliko bakrezeri. Wazee wetu wanakumbuka. Kati ya 2003 na 2004, kwa feza ya Benki ya Dunia, Gécamines iliachana na watumishi 10 655 kwa mpango wenye kuitwa Opération Départs Volontaires. Watu hawa walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Mbele ya pale, kampuni ilikuwa imewapa kila kitu: nyumba ya kambi, posho, lopitali, masomo ya watoto, hata timu ya mpira. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameandika juu ya jamaa za watumishi wa Katanga kitabu chenye kutoka 2001, na jina la kitabu linasema wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Kisha mpango ule, tulizika wababa wengi, na kila mara tuliambiwa alikufa na "tension". Inawezekana ilikuwa tension kweli. Lakini sisi tuliokua ndani ya zile nyumba tunakumbuka pia baba mwenye kuvaa ovaroli asubuhi na kukaa nayo kwa barza mpaka usiku, kazi hana tena. Hatukuwa na neno la kumwambia. Tulijifunza kupita kimya mbele ya kiti chake.

Basi "tension" ni neno moja la kufichia, "malaria" ni la pili. Lakini tuko pia na neno la kweli, lile la mama: mawazo. Tunasemaka "iko na mawazo mingi", na kila mtu anaelewa. Neno hilo lina kazi kubwa zaidi kuliko tunavyofikiri, na kwa kuonyesha ile kazi tutakwenda kidogo Zimbabwe.

Kule Harare, mwaka 2005, munganga wa magonjwa ya akili jina lake Dixon Chibanda alipoteza msichana mgonjwa wake, mwenye kujiua. Jamaa yake iliishi mbali, na ilikosa dola karibu 15 za basi ya kumuleta lopitali. Chibanda mwenyewe ameeleza mara nyingi mbele ya watu namna kifo kile kilimubadilisha: alielewa kwamba kumungojea mgonjwa ndani ya lopitali kubwa ni kumungojea mtu asiyeweza kufika. Inchi yake ilikuwa na waganga wachache sana wa akili. Lakini ilikuwa na bankambo kwa kila kartie. Mwaka 2006, kule Mbare, alianza na bankambo 14. Aliwafundisha kuuliza maulizo 14 yenye kuandikwa kwa Kishona na kumusikiliza mtu juu ya benchi ya mbao, inje ya nyumba ya dawa, chini ya muti.

Wale bankambo hawasemi majina ya magonjwa ya kizungu. Wanasema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo mingi, neno letu kabisa. Mtu anaeleza mambo yake yote, kisha pamoja wanachagua shida moja tu, ile yenye inaweza kuguswa wiki hii: deni fulani, ndugu fulani wa kuomba musamaha, karatasi fulani ya kufuata. Wiki yenye kufuata anarudi kueleza namna ilipita. Mwaka 2016 matokeo yalitoka ndani ya gazeti kubwa la waganga la Marekani, yamefuata watu 573. Kisha miezi sita, kati ya wale wenye kupita kwa benchi, watu 14 kwa mia ndio walikuwa wangali na alama za huzuni ya kugonjwesha. Kati ya wale wenye kupata matunzo ya kawaida, ni 50 kwa mia. Mara ngapi tumeona dawa yenye bei ya mbao na misumari?

Hatusemi benchi inatosha kwa yote. Mtu mwenye kusikia sauti zenye wengine hawasikie, mwenye kukataa kula siku nyingi, mwenye kutaka kujiua sasa hivi, anahitaji munganga. Lubumbashi kuko kituo cha Docteur Joseph Guislain cha Mabruda wa Karidade. Bukavu, wenzetu wa madini ya Kivu wako na SOSAME ya Mabruda walewale. Lakini toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilomita karibu 300, na tunarudi kwa hesabu ya basi ya yule msichana wa Harare. Jamaa yenye kukosa feza ya njia inamupeleka mgonjwa kwa chumba cha maombi, maana chumba cha maombi kiko kwa avenue. Hatuwacheki. Tunaomba tu pasta mwenye kumupokea mtu asimukataze dawa, asimufunge, na asimutafutie mulozi kati ya wajane.

Juu ya kanisa, neno moja lingine, maana ule mama aliogopa zaidi jambo hilo: kwamba mtoto wake hana haki ya maombi. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya 1917 ilikuwa inawanyima maziko ya kanisa wale wenye kujiua kwa kupenda. Ile ya 1983 haiwataje tena. Na Katekisimu ya 1992 inasema wazi kama msukosuko mkubwa wa akili, hofu kubwa ao mateso vinaweza kupunguza hatia ya mtu mwenye kujiua, na kanisa linawaombea. Mbele ya kumuzika mtu wako usiku, muulize padri wako.

Sasa tuingie kwa jambo la feza, maana pasipo feza tunapiga domo. Sheria ya migodi yenye kubadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inaomba kila kampuni yenye kuchimba iweke kwa uchache 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wenyeji wa pembeni ya mgodi. Chiffre d'affaires ni feza yote yenye kuingia kwa kuuza mwaka muzima, mbele ya kutosha matumizi. Kampuni yenye kuuza kwa dola miliare moja, 0,3% yake ni dola milioni tatu. Feza hiyo inapita kwa shirika lenye tunaita DOT, na ndani yake wenyeji wako na viti. Tena, kwa redevance minière, 15% ni haki ya komini na shefri zenye mgodi. Si sadaka ya mtu.

Tumeona kazi za feza hiyo: masomo, visima, kuta za nyumba za dawa. Ni vizuri, na tunashukuru. Lakini ukuta unapigwa picha, ribo inakatwa, mkubwa anasimama mbele. Muforsha mmoja mwenye kufundishwa kusikiliza wenye mawazo hana ribo. Ndiyo maana, kwa akili yetu, hakuna mwenye kumuomba. Na kumufundisha haiombe universite: toka 2008 Shirika la Afya Duniani, OMS, liko na mpango wenye kuitwa mhGAP, wa kufundisha waganga na waforsha wa kawaida, wasio wa akili, namna ya kutambua na kutunza magonjwa haya. OMS hiyohiyo inahesabu watu zaidi ya 720 000 wenye kujiua kila mwaka duniani, na wanaume wanapita wanawake mara mbili na zaidi. Wanaume, tunarudilia. Wale wenye hawakuja chini ya muembe.

Juu ya nini hawakuje? Haya ndiyo watu wa kampuni wanajua na hawaseme. Mtumishi wa mgodi anapita vizite ya munganga wa kampuni, na munganga anaandika "apte" ao "inapte". Ukisema ukweli, kwamba hulale, kwamba mikono inatetemeka ukikaa kwa mashini kubwa, unaogopa neno la pili. Na kama wewe ni wa sutretansi mwenye kontra ya miezi sita, hata neno halihitajike: kontra inaisha tu. Basi unajibu "bien, dokta", unarudi juu ya mashini ya tani mia bila usingizi. Krezeri naye hana munganga wa kumudanganya. SAEMAPE iko kwa kumusaidia na kumuongoza juu ya uchimbaji, lakini hatujaona mtu wake akirudi kwa nyumba ya mjane mwezi wa tatu.

Kwa hiyo sisi tunaona jambo hili lisiwekwe ndani ya biro ya kampuni. Kampuni ilipe, ni sheria. Lakini masikio yawe ya kartie, na maneno ya mtu yasifike kwa mwenye kuandika "apte". Wale wa DOT wenye kuketi kwa jina letu, na mashefu wa kartie wenye kusaini kaye ya sharji, waombe vitu viwili tu: muforsha mmoja mwenye kufundishwa kwa kila nyumba ya dawa ya pembeni ya mgodi, na feza ya njia ya kumufikisha mgonjwa Lubumbashi inapolazimu. Bei yake ni ndogo kuliko ukuta.

Mbele ya ile siku, msomaji wetu anaweza kuwa na mtu ndani ya nyumba leo jioni. Wamama wa muembe wanatuambia namna wao wanafanya, na waganga wanakubaliana nao. Usianze na mashauri. Usimwambie "wengine wanateseka kuliko wewe", ao "wewe ni mwanaume". Keti naye kwa kazi fulani, kutwanga, kurekebisha kinga, na uulize: unalalaka? Kisha ngojea. Akisema amechoka na maisha, ao anagawa vitu vyake, ao anaaga watoto bila safari, muulize wazi kama anafikiri kujiua. Watu wanaogopa kwamba neno hilo litamupa wazo. Hapana. Wazo liko pale tayari, na kuuliza kunamupunguzia mzigo. Akikubali, usimuache peke yake, tosha ndani ya nyumba kila kitu chenye kinaweza kumuumiza, itana mtu mmoja mwenye anamuheshimu, na kesho asubuhi muende pamoja kwa nyumba ya dawa. Pamoja, maana peke yake atageuka njiani.

Na mjane, rudi kwake mwezi wa tatu, wakati kila mtu amesahau na mashemeji wanakuja kupima nyumba. Mmoja wao alituambia alikuwa anangojea mtu amulize tu namna bwana yake alikuwa anacheka.

Tulirudi kwa ule mama siku chache zimepita. Tulimukuta na shida mpya. Ajenti wa mambo ya wenyeji wa kampuni moja alikuwa amefika, kijana wa heshima, na mapendekezo mazuri: kampuni itajenga paillote ya simenti, itatoa viti vya plastiki na tisheti, na kibao kwa mlango chenye jina la chama na alama ya kampuni. Aliomba pia daftari la majina ya watu wenye kuja, kwa rapoti.

Wamama wamegawanyika. Wengine wanasema mvua iko njiani, muembe hauzuie mvua, na feza hiyo ni haki yao hata bila kuomba. Wako na sababu. Mama anasema viti apokee, paillote apokee, kibao atafikiri, lakini daftari hapana. Yule ajenti alijibu kwamba bila majina hawezi kutosha feza, biro haitakubali. Mwanamke mmoja mwenye bwana yake anaendesha mashini kule aliinuka akaenda nyumbani pale alisikia neno "daftari", na siku ya Mungu yenye kufuata hakurudi.

Tuliuliza mama atajibu nini. Alisema bado wanazungumuza, jibu litakuwa la wote. Kisha alituonyesha kwa kidole kando ya muembe. Yule kijana wa misumari alikuwa amemaliza benchi wiki mbili zilizopita, hakukuwa tena kitu cha kupiga. Alikuwa ameketi juu yake, nyundo ndani ya mikono, na mama mmoja kando yake alikuwa anachambua sombe na kumungojea aanze.